Sekunde na Mwendo: Jinsi Uwezo wa Gari Unavyopimwa

Masalani, makao makuu ya Ijara kusini mwa Kaunti ya Garissa, haina uwanja wa mbio za magari, na sehemu kubwa ya barabara zinazoifikia ni za udongo na mchanga, ambazo mvua kubwa ikinyesha huyazuia hata malori. Hata hivyo, ni mahali ambapo maisha hutegemea gari, na ambapo sifa ya Land Cruiser, Probox au pikapu ya miraa hutolewa kwa namba moja tu, yaani mwendo wa juu ulioonekana kwenye spidomita. Namba hiyo husema machache mno, kwa kuwa haielezi gari lilihitaji muda gani wala umbali gani kuufikia mwendo huo, ilhali hayo mawili ndiyo yanayoamua kama dereva aliye kwenye lami ya kutoka Garissa kwenda Nairobi ataweza kulipita lori kabla gari linalokuja mbele yake halijamfikia.

Ongezeko la mwendo katika kila sekunde huitwa mchapuko. Gari linaloanza likiwa limesimama na kufikia kilomita 100 kwa saa, ambazo ni takriban mita 27.8 kwa sekunde, katika muda wa sekunde 10, huwa na mchapuko wa wastani wa mita 2.78 kwa sekunde katika kila sekunde, ambao ni zaidi kidogo ya robo ya mchapuko wa kitu kinachoanguka kutoka juu. Wakenya wamezoea zaidi kipimo cha aina nyingine, kile cha Safari Rally iliyoanza mwaka 1953, ambamo ushindi kama ule wa Joginder Singh wa mwaka 1965 ulitokana na kuokoa muda katika maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Kipimo cha namna hiyo huonyesha ustahimilivu wa gari na wa dereva, lakini hakiwezi kuonyesha kinachotendeka katika sekunde chache za kwanza.

Uwanja wa mbio fupi umetengenezwa kwa ajili ya sekunde hizo. Ni njia nyoofu ya lami au zege, ambayo kwa desturi iliyokomazwa Marekani, ambako chama cha mbio hizo, NHRA, kiliundwa mwaka 1951, huwa na urefu wa robo maili, yaani mita 402.3, ingawa magari yenye nguvu kupindukia, ambayo hupita kilomita 500 kwa saa, yalipunguziwa umbali hadi mita 305 mwaka 2008 baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta. Miali ya mwanga hukatiza njia karibu na ardhi, na kila tairi linapoukata mwali, saa ya umeme huandika muda hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba saa haianzi taa ya kijani inapowaka, bali tairi la mbele linapoondoka kwenye mwali wa kuanzia, hivyo muda wa dereva kuitikia taa huhesabiwa peke yake, na hatua ndogo ya takriban sentimita 30 ambayo gari husogea kabla ya kuufungua mwali huo haiingii katika hesabu kabisa.

Mwishoni hutoka namba mbili, na ubora wote wa kipimo hiki umo katika kuzisoma pamoja. Ya kwanza ni muda wa safari nzima. Ya pili ni mwendo wa mwisho, unaopatikana kwa kupima muda ambao gari limetumia kuzipita mita 20 za mwisho. Gari likimaliza kwa sekunde 16, wastani wake ni takriban kilomita 90 kwa saa, na lau mchapuko ungebaki vilevile tangu mwanzo, mwendo wa mwisho ungekuwa mara mbili ya wastani, yaani 181. Gari la kawaida la muda huo hupita likiwa karibu na 137 tu, na pengo hilo ni ushahidi wa wazi kwamba kadiri gia zinavyopanda na upinzani wa upepo unavyokua, mchapuko hufifia. Vilevile, magari mawili yanaweza kulingana kwa muda huku moja likiwa na mwendo mkubwa zaidi mwishoni: hilo ndilo lenye nguvu zaidi kwa uzito wake, ila tairi zake ziliteleza au dereva wake alikosea kuondoka.

Hewa nayo ina sehemu yake, na hapa Masalani ina jambo la kuifundisha Nairobi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa ujazo, na hewa ya Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi; hata ukizingatia joto la Garissa, ambalo nalo huipunguza hewa uzito, hewa ya nyanda hizi za chini hubaki nzito kwa zaidi ya asilimia 10. Injini ileile kwa hiyo hutoa nguvu zaidi Ijara kuliko Nairobi, ingawa mchanga ulio juu ya njia unaweza kuila faida hiyo yote kwa kuzinyima tairi mshiko. Ndiyo maana takwimu ya mchapuko isiyotaja mahali na hali ya hewa haifai kulinganishwa na nyingine.

Spidomita yenyewe haistahili imani kamili. Haioni barabara, huhesabu mizunguko ya magurudumu na kuibadilisha kuwa kilomita. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 hairuhusu spidomita kuonyesha mwendo ulio chini ya ule halisi, bali huiruhusu kuzidisha kwa hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, lakini ulinzi huo huvunjika mtu anapofunga tairi kubwa zaidi ili kumudu mchanga, kama wanavyofanya wamiliki wengi wa magari ya kazi. Tairi likiongezeka kipenyo kwa asilimia 5, gari linaloonyesha 80, ambacho ndicho kikomo cha magari ya abiria nchini Kenya, huenda kwa kweli likawa kwenye 84, na kidhibiti mwendo kinachotegemea mizunguko hiyohiyo hudanganyika pamoja na dereva. Simu inayopokea ishara za setilaiti husaidia kwa mwendo wa kudumu, lakini haifai kwa mchapuko, maana nyingi husoma mara moja kwa sekunde, na gari la kilomita 100 kwa saa huwa limesogea karibu mita 28 kati ya usomaji mmoja na mwingine.

Uchunguzi rahisi zaidi hauhitaji mbio wala chombo cha gharama. Kwenye lami tulivu yenye umbali uliopimwa wa kilomita moja, dereva anashikilia 60 kwenye spidomita huku abiria akihesabu muda kwa saa: kama spidomita ni sahihi, kilomita hiyo itakwisha kwa sekunde 60, ikiisha kwa 57, gari linakwenda kasi kuliko linavyoonyesha, na tairi zilizobadilishwa ndizo za kuangaliwa kwanza.