Gari la Mwanafunzi wa Namakwekwe: Faida za Baiskeli na Usafiri wa Umma

Utangulizi

Tulipokuwa tukisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza tulikutana na sentensi hii: "Kila asubuhi ninatoka Namakwekwe kwa gari langu." Mwalimu mwenzetu mmoja alicheka, akasema kwamba siku hizi wanafunzi wana magari ilhali walimu wao wanabanana kwenye taksi. Tulipomwita mwenye insha atueleze, alituonyesha gari lake kupitia dirishani. Lilikuwa baiskeli nyeusi ya chuma, imeegemezwa kwenye mwembe na kufungwa kwa mnyororo na kufuli.

Kosa lile lina sababu yake. Katika Luganda, ambayo husikika sana hapa Mbale na Jinja, baiskeli ni eggaali, na treni ni eggaali y'omukka, yaani gari la moshi. Chombo ambacho Kiswahili hukiita gari, Luganda hukiita emmotoka. Neno gari la Kiswahili na eggaali ya Luganda ni ndugu wa baba mmoja, kwani asili yake ni Kihindi. Lakini ndugu hao waliachana njiani, mmoja akapanda motokaa na mwingine akabaki na baiskeli. Mwalimu asiyeujua uhusiano huo atatia alama nyekundu bila kumsaidia mwanafunzi.

Hata hivyo, jambo lililotusumbua zaidi halikuwa la msamiati. Tulipodhani kwamba kijana yule ana motokaa, tulimwona ameendelea. Tulipoiona baiskeli, tulimhurumia. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini huruma ile haikuwa na msingi, na ni wapi hasa mwanafunzi yule alistahili kuhurumiwa.

Istilahi tunazozihitaji

Kabla ya kuendelea, tufafanue istilahi chache. Usafiri ni tendo la watu kwenda kutoka mahali hadi mahali. Uchukuzi ni kubeba mizigo, ingawa katika matumizi ya kawaida maneno haya mawili huingiliana. Usafiri wa umma ni ule ambao mtu yeyote anaweza kuutumia kwa kulipa nauli: basi, treni, na gari dogo la abiria ambalo Kenya huitwa matatu, Tanzania daladala na Uganda taksi. Wanafunzi wetu wawe waangalifu na neno hili la mwisho. Mgeni kutoka Dar es Salaam akisikia "taksi" atafikiri ni gari la kukodi la mtu mmoja, kumbe kwetu ni gari la abiria kumi na wanne wanaochangia safari.

Utegemezi wa gari binafsi ni hali ya mji kupangwa kiasi kwamba asiye na gari lake hawezi kwenda kazini, sokoni au hospitalini bila taabu. Izingatiwe kwamba hatulaumu gari lenyewe. Mgonjwa, mama anayekaribia kujifungua na mwenye ulemavu wanaweza kulihitaji sana. Tunacholaumu ni mji unaomlazimisha kila mtu kulitafuta.

Bodaboda ilikotoka

Watu wa mashariki ya Uganda hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa usafiri wa baiskeli. Neno bodaboda, ambalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960. Baina ya kituo cha forodha cha Kenya na cha Uganda palikuwa na umbali ambao abiria alipaswa kuutembea na mizigo yake. Vijana wenye baiskeli waliweka mto laini juu ya keria na kuwapakia wasafiri, huku wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka, "border, border". Katika matamshi ya Kibantu neno likawa boda, na uradidi ukabaki kama ulivyo katika pikipiki.

Kutoka mpakani kazi hiyo ilienea Tororo, Mbale, Iganga na Jinja. Kuanzia miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli, na jina likahamia kwenye pikipiki. Leo mtu akisema bodaboda Kampala anamaanisha pikipiki. Kwa hiyo neno lililozaliwa juu ya pedali sasa linanguruma. Hata hivyo baiskeli haijaondoka katika maisha yetu: hubeba matoke, mkaa, madumu ya maji, magunia ya kahawa kutoka vijiji vya chini ya Mlima Elgon, na wanafunzi wa Namakwekwe.

Faida za baiskeli na usafiri wa umma

Kwanza, gharama. Mwenye gari hulipa bei ya kulinunua, mafuta, vipuri, bima na fundi, hata siku ambazo gari limelala. Mwenye baiskeli hununua mara moja, kisha hulipia kiraka cha pancha, breki na mnyororo. Msafiri wa taksi hulipa nauli ya safari yake tu. Kwa familia ya mwalimu au mkulima, tofauti hiyo ndiyo karo ya mtoto.

Pili, nafasi. Tufanye hesabu rahisi ya darasani. Watu hamsini na sita wakiingia mjini kwa taksi zilizojaa, wanahitaji taksi nne. Kila mmoja akija na gari lake, yanahitajika magari hamsini na sita, na kila gari litatafuta mahali pa kuegeshwa hadi jioni. Mahali linapoegeshwa gari moja zinaweza kusimama baiskeli kumi hivi. Msongamano, ambao Watanzania huuita foleni na sisi tumezoea kuuita jemu, mara nyingi hautokani na wingi wa watu bali na wingi wa viti vitupu vinavyosafirishwa.

Tatu, afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Anayekanyaga pedali dakika kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi, siku tano kwa wiki, ametimiza dakika 150 bila kulipia ukumbi wa mazoezi. Aidha, baiskeli haitoi moshi wala haina kelele.

Nne, usalama wakati wa dhiki. Faida hii huzungumzwa mara chache, lakini sisi tumeiona kwa macho. Mafuta ya Uganda kwa sehemu kubwa hupitia Kenya. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, vurugu zilikata barabara na reli, na Januari 2008 petroli ikaadimika huku kwetu. Mnamo Januari 2022, mvutano kuhusu vipimo vya UVIKO-19 kwa madereva wa malori ulileta misururu mirefu Busia na Malaba, na bei ya petroli ikapanda ghafla. Vilevile, tarehe 25 Machi 2020 serikali ilisimamisha usafiri wa umma kwa sababu ya janga hilo, na siku chache baadaye magari ya binafsi nayo yakazuiwa. Katika wiki zile wengi walizitoa stoo baiskeli walizokuwa wamezisahau, wakazipaka grisi. Mji unaotegemea aina moja ya usafiri husimama aina hiyo inaposimama.

Matatizo yaliyopo

Haitakuwa haki kutaja faida na kuyanyamazia matatizo. Barabara ya Mbale hadi Jinja kupitia Tirinyi ni ndefu mno kwa baiskeli. Hapo taksi na basi ndizo zinazofaa. Mvua zetu ni kubwa, na baadhi ya njia za mitaani hugeuka matope. Taksi nazo husubiri zijae ndipo ziondoke, na mwalimu mwenye kipindi cha saa mbili asubuhi hawezi kumweleza mkuu wa idara kwamba kondakta alikuwa akitafuta abiria wa mwisho. Wanawake wengi wanaambiwa kwamba kupanda baiskeli hakuwapendezi, ilhali kubeba mzigo kichwani kwa umbali uleule hakuna anayekuona kuwa aibu.

Tatizo kubwa kuliko yote ni ajali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba ajali hizo ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Huo ndio umri wa wanafunzi wetu, na hivyo ndivyo wanavyosafiri.

Tulimwuliza yule mwenye gari la keria jinsi anavyofika chuoni. Alisema kwamba njia za ndani ya mtaa hazimpi shida. Akifika barabara kuu, ambako ukingo wa lami umemomonyoka na malori hupita karibu, hushuka na kuisukuma baiskeli majanini hadi apite sehemu ile. Jioni, kwa kuwa hana taa, huisukuma mbali zaidi. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba tulimhurumia kwa kitu kisicho chenyewe.

Wengine walifanya nini?

Jijini Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza kutoa huduma Mei 2016 katika awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake. Basi lilipewa njia yake lenyewe, na kando yake zikajengwa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kwa kazi hiyo Dar es Salaam ilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ikiwa mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Baadaye uhaba wa mabasi na msongamano wa abiria vituoni ulileta malalamiko mengi. Funzo ni kwamba kujenga njia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuiendesha huduma kila siku.

Huenda msomaji akadhani kwamba Uholanzi ilizaliwa na baiskeli. Sivyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waholanzi walijaza miji yao magari na baiskeli zikapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wazazi waliandamana kupinga vifo vya watoto barabarani, na Novemba 1973, mafuta yalipoadimika duniani, serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili kwa muda. Njia za baiskeli tunazozisifu leo zilitokana na madai hayo ya wananchi.

Uganda nayo ina Sera ya Usafiri Usiotumia Injini tangu mwaka 2012, inayozitaka barabara ziwafikirie waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Jinja ni makao ya FABIO, shirika lisilo la kiserikali ambalo kwa miaka mingi limeshughulika na baiskeli na matumizi yake. Sera na ujuzi basi vipo. Mbale na Jinja zilipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020, na jiji jipya hupanua barabara zake. Barabara ikipanuliwa bila ukingo wa baiskeli, kuuongeza baadaye ni kubomoa maduka na mifereji. Kwa hiyo wakati wa kusema ni sasa, kabla ya lami kumwagwa.

Matumizi darasani

Tunawapendekezea walimu shughuli tatu. Kwanza, wanafunzi walete baiskeli moja darasani na kutaja sehemu zake kwa Kiswahili: usukani, kengele, breki, tandiko, pedali, mnyororo, njiti za gurudumu, tairi, keria na stendi. Pili, wafanye mazoezi ya kihusishi "kwa": kwa baiskeli, kwa basi, kwa miguu, wengi huandika "na miguu" kwa athari ya lugha nyingine. Tatu, waandike barua rasmi kwa meya wa jiji, wakieleza sehemu moja ya barabara iliyo hatari kwa waendesha baiskeli na wakipendekeza suluhisho. Barua hizo zisahihishwe vizuri, kisha zipelekwe kweli. Kiswahili tunachokifundisha kiwe na kazi nje ya chumba cha mtihani.

Hitimisho

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Walisema hivyo kabla ya malori. Siku hizi mwenda pole anaweza kugongwa bila kujikwaa, kama hakutengewa njia. Baiskeli na usafiri wa umma hupunguza gharama, huokoa nafasi, hulinda afya na hutuvusha wakati wa dhiki, lakini faida hizo humfikia yule anayefika salama.

Mwanafunzi wetu aliiandika insha yake upya. Safari hii aliandika: "Kila asubuhi ninatoka Namakwekwe kwa baiskeli yangu. Nikifika barabara kuu, ninashuka na kuisukuma." Tulitafuta kosa la sarufi hatukuliona. Tulimpa alama zake zote, na idara ikakubaliana kwamba barua ya kwanza kwa meya tutaiandika sisi walimu.