KWA NINI DAMU ITOLEWE MARA KWA MARA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wahenga walisema akiba haiozi. Maneno hayo ni kweli kwa fedha iliyowekwa benki, lakini si kweli kwa damu. Chembe nyekundu za damu, hata zikitunzwa vizuri katika jokofu, hudumu siku 35 hadi 42 tu. Chembe sahani, ambazo husaidia damu kuganda penye jeraha, hudumu siku 5 hadi 7. Kwa hiyo hospitali haiwezi kujaza ghala lake mara moja kwa mwaka kisha ikastarehe. Hapana budi watu waje kutoa damu majuma yote ya mwaka.

Nani huihitaji damu hiyo? Kwanza ni mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua. Wa pili ni mtoto mdogo aliyeishiwa damu kwa malaria. Kadhalika wako wagonjwa wa selimundu na majeruhi wa ajali za barabarani. Hakuna kiwanda duniani kiwezacho kutengeneza damu ya kuwatosha watu hawa. Tena mama avujaye damu aweza kufa kwa muda wa saa chache. Ndugu zake wakianza kutafutwa vijijini saa ile, huenda wakachelewa. Na hata wakifika, damu yao haina budi kupimwa kwanza. Damu imwokoayo ni ile iliyokwisha kutolewa siku nyingine na mtu asiyemjua.

Zamani watu wengi walikufa kwa kutiwa damu isiyowafaa, wala sababu haikujulikana. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, daktari wa Vienna, alieleza kwamba damu za watu si za namna moja. Siku hizi twazijua namna A, B, AB na O. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na siku aliyozaliwa, tarehe 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Yafaa pia tujue kwa nini damu itolewe kwa hiari. Mtu anayelipwa, au anayeshurutishwa na jamaa, aweza kuficha ugonjwa wake. Bali mtu ajaye kwa moyo wake hana haja ya kuficha, na ajaye mara kwa mara hupimwa kila mara. Hapa Tanzania damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini maambukizo mapya kabisa huweza kukawia kuonekana katika vipimo. Ndiyo maana ukweli wa mtoaji ni kinga ya mgonjwa.

Wengine huogopa kwamba watadhoofika. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na hutolewa kiasi cha mililita 450, chini ya sehemu moja ya kumi. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu hurudi kwa majuma kadhaa. Ndiyo sababu mwanamume hungoja miezi 3 kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi 4. Mtoaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Sindano ni mpya kwa kila mtu.

Sasa nageukia jambo linalotuhusu sisi. Sehemu kubwa ya damu katika nchi yetu hutolewa na wanafunzi wa sekondari. Basi shule zikifungwa, akiba hupungua, na malaria haiendi likizo. Mimi nina miaka 17, hivyo siruhusiwi bado. Lakini wenzangu waliokwisha kutimiza miaka 18 waweza kwenda katika hospitali ya wilaya yao wakati wa likizo wakauliza siku ya kutoa damu. Nanyi walimu na wazazi wetu, nawaomba kwa heshima msituachie sisi vijana kazi hii peke yetu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.