Bahati nasibu ya NBA: vipira 14 na foleni ya wachezaji wapya

Tarehe 12 Mei 2025, mjini Chicago, timu ya Dallas Mavericks ilipata haki ya kuwa ya kwanza kuchagua mchezaji mpya katika ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani, NBA. Kwa hesabu za kabla ya kura hiyo, uwezekano wa Dallas kuipata nafasi ya kwanza ulikuwa asilimia 1.8 tu. Utah Jazz, iliyoshinda mechi 17 na kushindwa 65, na kwa hiyo kuwa timu dhaifu kuliko zote msimu huo, iliangukia nafasi ya tano.

Dallas ilimtwaa Cooper Flagg, kijana aliyekuwa akisubiriwa na ligi nzima. Na kwa kuwa miezi mitatu tu kabla ya hapo timu hiyo ilikuwa imewaudhi mashabiki wake kwa kumwachia nyota wake, Luka Doncic, aende Los Angeles Lakers, minong'ono haikukawia kuanza: je, kura ile ilikuwa ya haki?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kueleza kura yenyewe hupigwa vipi, maana wengi huisikia katika habari za michezo bila kuelezwa undani wake.

Aliyeshindwa hufutwa jasho

Msikilizaji aliyezoea kandanda ya Ulaya au ya Afrika Mashariki anajua kwamba timu ya mkiani hushuka daraja. Katika NBA hakuna kushuka daraja. Timu 30 za msimu huu ndizo zitakazocheza msimu ujao, na iliyofanya vibaya, badala ya kuadhibiwa, hupewa kifuta jasho: hutangulizwa katika foleni ya kuchagua vijana wanaoingia kwenye ligi, wengi wao kutoka vyuo vikuu vya Marekani na wengine kutoka vilabu vya nje.

Mchezaji mwenyewe hana sauti juu ya timu itakayomchukua. Mshahara wake wa miaka ya mwanzo nao hufuata jedwali lililowekwa tangu mwaka 1995, ambalo humlipa zaidi aliyechaguliwa mapema. Kwa hiyo foleni hiyo huamua mji atakaoishi kijana wa miaka 19, kocha atakayemfundisha na fedha atakazoanza nazo maisha.

Hapo zamani jambo lilikuwa jepesi. Kuanzia mwaka 1966, timu mbili za mkiani, moja kutoka kila upande wa ligi, Mashariki na Magharibi, zilirushiwa shilingi. Iliyoshinda ilichagua ya kwanza, nyingine ya pili. Houston Rockets ilishinda mwaka 1983 na kumchukua Ralph Sampson, kisha ikashinda tena mwaka 1984 na kumchukua Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria. Mara hiyo ya pili Houston ilishutumiwa kwamba ilikuwa ikifungwa kwa makusudi ili ifike kwenye shilingi hiyo.

Ligi ikaona haya. Mwaka 1985 ikaanzisha bahati nasibu. Timu saba zilizokosa hatua ya mtoano ziliwekewa bahasha zao katika pipa linaloonyesha ndani, kila moja ikiwa na nafasi sawa na mwenzake, na Kamishna wa ligi, David Stern, akatia mkono mbele ya kamera. New York Knicks, timu ya mji mkubwa kuliko yote, ikashinda haki ya kumchukua Patrick Ewing. Mpaka leo wapo wanaosimulia kwamba bahasha ya New York ilikuwa imegandishwa kwa barafu, wengine kwamba ilikunjwa kona ili Kamishna aitambue kwa vidole. Ushahidi wa hadithi hizo haujawahi kutolewa, lakini ligi ilijifunza kwamba bahasha na mkono wa bosi havitoshi kuwaridhisha watu.

Usawa ule ulikuwa na kasoro nyingine. Timu mbaya kuliko zote ilikuwa na nafasi sawasawa na timu iliyokosa mtoano kwa mechi moja. Mwaka 1990 ligi ikaweka uzito: timu zilikuwa 11, dhaifu zaidi ikapewa nafasi 11 kati ya 66, iliyofuata 10, na kuendelea hadi moja. Halafu mwaka 1993 Orlando Magic, iliyoshinda mechi 41 na kushindwa 41, ikaibuka mshindi kwa nafasi hiyo moja kati ya 66. Orlando hiyo hiyo ndiyo iliyoshinda mwaka 1992 na kumpata Shaquille O'Neal. Hapo ndipo mahesabu yalipofumuliwa upya.

Ndani ya chumba kilichofungwa

Kuanzia mwaka 1994, bahasha zilibaki kuwa za televisheni tu. Kura yenyewe ilihamia kwenye mashine yenye vipira 14, mfano wa vile vya tenisi ya mezani, vilivyoandikwa namba 1 hadi 14. Vipira vinne hutoka, na namba hizo nne ndizo zinazomtaja mshindi.

Hesabu yake haihitaji shahada. Kipira cha kwanza chaweza kuwa chochote kati ya 14, cha pili kati ya 13 vilivyobaki, cha tatu kati ya 12, cha nne kati ya 11. Ukizidisha unapata 24,024. Lakini hapa haijalishi kipira kipi kimetangulia: 3, 7, 9 na 12 ni sawa na 12, 9, 7 na 3. Namba nne zaweza kupangwa kwa njia 24, na 24,024 ukigawanya kwa 24 unapata michanganyiko 1,001. Mmoja kati ya hiyo, ule wa 11, 12, 13 na 14, huachwa bila mwenyewe. Ukitokea, kura hurudiwa. Inabaki michanganyiko 1,000 kamili ya kugawiwa timu 14 zilizokosa mtoano.

Kwa sababu hiyo asilimia za kura hii ni rahisi kuzisoma. Dallas mwaka 2025 ilikuwa na asilimia 1.8, yaani michanganyiko 18 kati ya 1,000. Timu yenye asilimia 14 ilikuwa na michanganyiko 140. Timu yenye nusu asilimia ingekuwa na mitano.

Kura hupigwa katika chumba cha pembeni kabla ya matangazo kuanza. Humo hukaa wawakilishi wa timu, waandishi wa habari wachache na wakaguzi wa hesabu kutoka kampuni ya Ernst & Young, na wote hunyang'anywa simu hadi matokeo yatangazwe. Vipira huchanganywa kwa sekunde 20 kabla ya cha kwanza kutoka, kisha sekunde 10 kwa kila kinachofuata. Anayeshika saa huipa mashine mgongo, na huinua mkono muda unapotimia, ili asiweze kuchagua dakika ya kumfaa mtu. Timu ikishashinda nafasi moja na namba zake zikatoka tena, raundi hiyo haihesabiki na vipira hurudishwa.

Kura hii haipangi foleni nzima. Tangu mwaka 2019 ilichezeshwa kwa nafasi nne za juu pekee. Kabla ya hapo zilikuwa tatu. Timu zilizosalia zilipangwa kwa rekodi zao, dhaifu ikitangulia. Ndiyo maana Utah mwaka 2025 haikuweza kuanguka chini ya nafasi ya tano: timu nne ziliiruka, na haikuwezekana kuwepo ya tano.

Bahati ya Memphis, mkosi wa Denver

Wasikilizaji wa Tanzania wanayo sababu ya pekee ya kuikumbuka kura ya mwaka 2009. Msimu huo Memphis Grizzlies ilishinda mechi 24 kati ya 82. Timu nne zilikuwa zimefanya vibaya kuliko Memphis, lakini vipira viliipandisha hadi nafasi ya pili, nyuma ya Los Angeles Clippers. Sacramento Kings, iliyokuwa mkiani, ikasukumwa hadi ya nne.

Memphis iliitumia nafasi hiyo kumchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.20, aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Waliochaguliwa baada yake usiku ule ni pamoja na James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Thabeet hakupata nafasi ya kudumu, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alipelekwa kwa muda kwenye ligi ndogo ya kukuzia vipaji. Amebebeshwa lawama nyingi ambazo kwa haki zingewaendea waliomchagua: vipira viliipa Memphis zamu tu, jina lilitoka kwa Memphis yenyewe.

Kinyume chake ni kisa cha Denver Nuggets mwaka 1991. Denver ilikuwa ya mkiani kwa ushindi wa mechi 20, ikiwa na nafasi 11 kati ya 66, yaani moja kati ya sita. Ikakosa zote tatu za juu na kuangukia ya nne. Iliyempata hapo ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekuja kutajwa mara nne kuwa mlinzi bora wa mwaka wa ligi, na kuingizwa mwaka 2015 katika jumba la magwiji wa mchezo huo. Mutombo alifariki dunia Septemba 2024.

Kufungwa kwa makusudi

Shutuma zilizoikabili Houston mwaka 1984 hazikufa na bahati nasibu. Chini ya mpango ulioanza 1994, timu ya mkiani ilikuwa na asilimia 25 ya kuwa ya kwanza, na baadhi ya viongozi waliona kwamba ni afadhali kufungwa mechi 60 kuliko 45. Philadelphia 76ers ndiyo iliyolifanya jambo hilo kuwa sera bila kificho. Katika msimu wa 2015-16 ilishinda mechi 10 na kushindwa 72, kisha ikapata nafasi ya kwanza na kumchukua Ben Simmons.

Wamiliki wa timu walijaribu kubadili kanuni mwaka 2014. Kura 17 ziliunga mkono, 13 zikapinga, na kwa kuwa zilihitajika 23, pendekezo likaanguka. Kisha, kuanzia 2015 hadi 2018, nafasi ya kwanza iliangukia rekodi ya mkiani kila mwaka, miaka minne mfululizo. Kwa asilimia 25 kila mara, jambo hilo lilitazamiwa kutokea mara moja katika 256.

Septemba 2017 mageuzi yakapitishwa, yakaanza kutumika mwaka 2019. Timu tatu dhaifu zaidi zikasawazishwa kwa asilimia 14 kila moja, ya nne ikapewa 12.5, ya tano 10.5, na kushuka hivyo hadi nusu asilimia. Hakukuwa tena na faida ya kuwa wa mwisho badala ya wa tatu kutoka mwisho, isipokuwa kinga ya kutoanguka chini ya nafasi ya tano. Hata hivyo tabia haikuisha. Februari 2018, mageuzi yakiwa yamekwisha kupitishwa, mmiliki wa Dallas wakati huo, Mark Cuban, alitozwa faini ya dola 600,000 kwa kusema hadharani kwamba aliwaambia wachezaji wake kuwa kushindwa ndilo jambo bora kwao.

Chini ya mpango huo, timu ya mkiani ilikuwa na asilimia 47.9 ya kuangukia nafasi ya tano, karibu nusu kwa nusu. Detroit Pistons ilipatwa na hayo mwaka 2023, kura ambayo San Antonio Spurs iliitumia kumpata Mfaransa Victor Wembanyama, ambaye baba yake ana asili ya Kongo. Ikapatwa tena 2024, baada ya msimu ambao ilifungwa mechi 28 mfululizo. Utah ikafuata 2025. Mara tatu mfululizo ni kama asilimia 11, si jambo la kila siku, wala si la kutoaminika. Ushindi wa Dallas nao uko hivyo hivyo: kura ikichezeshwa mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka zipo timu kadhaa zenye asilimia moja, mbili au tatu, ajabu ingekuwa zisishinde hata mara moja. Chicago Bulls ilishinda kwa asilimia 1.7 mwaka 2008, na Cleveland Cavaliers kwa asilimia hiyo hiyo mwaka 2014.

Zamu huuzwa pia

Liko jambo moja zaidi linalowachanganya wengi. Zamu ya kuchagua ni mali, na timu huweza kuitoa miaka kadhaa kabla, mara nyingi kwa masharti. Februari 2020 Minnesota Timberwolves iliipa Golden State Warriors zamu yake ya mwaka 2021, kwa sharti kwamba ikiangukia katika tatu za juu ingebaki Minnesota. Vipira viliiweka ya saba. Golden State ikaichukua na kumchagua Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma. Kwa sadfa, Bismack Biyombo wa Lubumbashi mwaka 2011 na Emmanuel Mudiay wa Kinshasa mwaka 2015 nao walichaguliwa wa saba.

Anayeitazama kura hii kwenye televisheni huona bahasha zikifunguliwa kutoka ya 14 kuelekea ya kwanza, na kwa hiyo anaweza kuujua mshangao kabla haujatangazwa. Timu isipotokea mahali ilipotarajiwa kwa rekodi yake, maana yake imekwisha kurukia nne za juu. Mwaka 2025 bahasha ya 11, iliyotarajiwa kuwa ya Dallas, ilipofunguliwa, ndani yake mlikuwa na nembo ya Portland.