Mtalii akitoka ufukweni, mkulima naye apone

WATALII wengi wanaofika Unguja huishia ufukweni. Hula na kulala hotelini, kisha hurudi kwao bila kuacha hata shilingi moja kwa mkulima. Hata hivyo, wapo wanaotaka kuona zaidi ya mchanga na bahari. Hao ndio wateja wa vijiji.

Mgeni wa aina hiyo anaweza kuanzia mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, aone karafuu, mdalasini, iliki na vanila vikiwa bado shambani. Kidichi pia kuna hamamu iliyojengwa mwaka 1850, enzi za Seyyid Said.

Kusini yake ipo Hifadhi ya Taifa ya Jozani-Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Humo wanaishi kima punju, wanyama wa asili wa Zanzibar pekee. Daladala za Jambiani na Makunduchi hupita karibu na lango.

Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, akina mama wanalima mwani tangu mwaka 1989. Anayetaka kuwaona kazini aende maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua.

Mgeni akumbuke mambo machache. Aepuke miezi ya masika, Machi hadi Mei. Vijijini afunike mabega na magoti, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na mwezi wa Ramadhani asile hadharani mchana. Kima asiwalishe wala kuwashika. Viungo anunue kwa mkulima mwenyewe.

Mkulima naye ana kazi ya kufanya. Kwanza, aandike bei na kuibandika mahali pa wazi. Pili, akaushe viungo vizuri, kwani manjano yenye unyevu huota ukungu, kisha avifunge katika pakiti ndogo zinazoingia kwenye mkoba. Tatu, akubaliane mapema na dereva au mtembezaji kuhusu mgawo wa kila mmoja. Asipofanya hivyo, atabaki na asante tu.

Tuseme mkulima anabakiwa na Sh 5,000 kwa kila mgeni. Wageni sita kwa wiki ni Sh 30,000, na kwa wiki nne ni Sh 120,000, wakati karafuu bado ziko mtini.

Wakulima wa jirani na Jozani kwa muda mrefu waliwaona kima kuwa maadui wa minazi. Lakini utafiti wa Siex na Struhsaker, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa kima kula vidaka hakupunguzi mavuno ya nazi. Mnyama aliyekuwa akifukuzwa kwa mawe ndiye anayeleta wageni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiye na cha kuuza hawezi kupona.