Mnyoo Anayesubiri Ndani ya Plamu

Msimu wa plamu ukifika Lushoto, chini ya miti hutapakaa zilizoanguka, zimepasuka na kuanza kunuka kama pombe. Tia moja iliyooza kwenye kisahani cha maji, uimulike kutoka ubavuni. Ukibahatika utaona vinyuzi vyeupe, vyembamba kuliko unywele, vikijinyonganyonga. Ni minyoo walao bakteria. Hawa si safura.

Maarufu katika ukoo huo ni Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1, ambaye katika nchi za joto hupatikana zaidi milimani kwenye ubaridi. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, alimchagua miaka ya 1960 awe mnyoo wa maabara, akashiriki Tuzo ya Nobel ya 2002. Mnyoo huyu huishi wiki 2 hadi 3, hivyo mtafiti humwona akizaliwa, akizeeka na kufa ndani ya mwezi mmoja.

Chakula kikiwa haba na wenzake wamejaa, mtoto wa mnyoo huyu huahirisha kukua. Hufunga kinywa, ngozi ikawa ngumu, akakaa miezi bila kula. Hali hiyo huitwa dauer, neno la Kijerumani lenye maana ya kudumu.

Sehemu ya uamuzi huo imo kwenye tirosini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Sisi huipata kwenye maharage na mayai. Utafiti uliochapishwa 2013 ulichunguza minyoo ambao kimeng'enya cha kuivunja tirosini kina hitilafu. Tirosini ilirundikana, minyoo wakaelekea zaidi kwenye dauer, na waliokomaa wakaishi muda mrefu zaidi. Kwangu hilo ni la ajabu: kijenzi cha mwili kimegeuka tarishi, kikipitisha ujumbe kwenye njia ya mawasiliano ya seli ambayo homoni za jamii ya insulini huitumia.

Msomaji asikimbilie vidonge vya tirosini. Binadamu naye ana kimeng'enya hicho, na mtoto anayezaliwa nacho kikiwa hakifanyi kazi huumwa macho, huku ngozi ya viganja na nyayo ikiwa nene na yenye maumivu. Tiba yake ni kupunguza protini kwa uangalizi wa daktari. Kinachomrefushia mnyoo siku kinamtesa mtoto.

Na plamu ikishaliwa yote? Mnyoo wa dauer hupanda juu ya takataka, husimama kwa mkia na kupungapunga mwili hewani. Akipita konokono, hudandia.