Bukari, Uyoga na Njia za Lubumbashi

Lubumbashi ilianza mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika kwenye ardhi ya Walamba, na hadi mwaka 1966 iliitwa Élisabethville. Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wabemba, Wasonge, Wahemba, Walunda na Watabwa walifika hapo kwa ajili ya kazi ya shaba, wakakaa mlango kwa mlango, wakasemezana kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo wageni wengi huona jiji lenye migodi na lisilo na mila, kana kwamba watu wakihama kijiji huacha adabu zao njiani. Hukumu hiyo si ya haki. Lubumbashi ina desturi zake za kula, za kutembea na za kupokeana, na karne moja imetosha kuzifanya ziwe za urithi.

Jiji lenyewe bado linabeba mchoro wa Wabelgiji. Mji wa Wazungu ulipimwa kwa barabara zilizonyooka na kukatana, na kati yake na mitaa ya Waafrika ukaachwa ukanda mtupu wa karibu mita 700. Kamalondo ilikuwa ya kwanza kati ya mitaa hiyo. Zikafuata Kenya, Katuba na Ruashi. Hadi leo mkaaji wa Katuba anayekwenda posta au benki husema anakwenda mu ville, yaani mjini, hata kama nyumba yake ipo ndani ya jiji lilelile.

Mgeni anayetaka kuona vitu huonyeshwa kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo, jengo la matofali la mwaka 1920. Ukumbi wa tamthilia uliobuniwa na Claude Strebelle katika miaka ya 1950. Na karibu nao makumbusho ya taifa, yenye misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya Katanga kabla ya ukoloni. Bustani ya wanyama hujaa Jumapili kwa familia zilizovaa nguo za kanisani. Bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines linaonekana kutoka karibu kila mtaa, na chini yake umelala mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 unachotwa ili kutolewa kobalti. Kuhusu mpira inatosha kusema kwamba mji umegawanyika kati ya klabu za Mazembe na Lupopo, na kwamba Mazembe ilicheza fainali ya klabu za dunia mwaka 2010.

Kusafiri ndani ya jiji ni shughuli ya pamoja. Mabasi madogo huondoka yakijaa, na kijana wa mlangoni huita Kenya, Katuba au Ruashi mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Taksi nyingi zina usukani upande wa kulia ingawa magari ya Kongo hupita mkono wa kulia wa barabara, maana ziliagizwa zikiwa zimetumika kwingine. Dereva humtegemea abiria wa mbele amwambie kama njia iko wazi. Kwenye mitaa isiyo na lami hupita manseba, vijana wa pikipiki. Anayeingia kwenye gari husalimia waliomo, nao huitikia. Mwanamke wa makamo ni Mama, mwanamume ni Papa, kijana aliyemzidi mwenzake umri ni Yaya. Kumwita mkubwa kwa jina tupu ni utovu wa adabu, hata mbele ya watu wasiofahamiana. Gari la msiba hujulikana kwa matawi ya majani yaliyofungwa mbele, na magari mengine huliachia njia.

Lakini adabu ya jiji inajulikana zaidi mezani, na hapo ndipo wageni wanapokosea mno. Wengi hula kwenye hoteli na kusema chakula cha Lubumbashi ni kuku na viazi vya kukaanga. Chakula cha Lubumbashi ni bukari, donge jeupe la unga wa mahindi. Familia zenye asili ya Kasai huchanganya na unga wa muhogo. Mahindi yalitawala chungu kwa sababu za kazi: kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake posho ya unga, nyama, samaki, karanga na mafuta ya mawese, na watoto waliokulia kwenye kambi zake hawakujua chakula kingine cha kushibisha. Desturi iliyoanzia kwenye ghala la kampuni ikawa ya nyumbani kabisa. Unga mwingi huja kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na Zambia ikizuia mauzo bei hupanda Lubumbashi.

Kabla ya kula, maji huzungushwa katika birika na beseni, kuanzia kwa mgeni na wakubwa. Bukari humegwa kwa mkono wa kulia, hufinyangwa kiganjani, hubonyezwa kwa dole gumba na kuchovywa kwenye mboga. Mtoto hathubutu kuchukua nyama kabla ya mkubwa, husubiri agawiwe. Firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba au ya mgeni wa heshima, na mgeni anayeisogeza pembeni bila kujua maana yake humkwaza mama aliyeipika. Pembeni ya bukari huwekwa sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa, lengalenga, matembele, samaki wa chumvi au dagaa. Jioni watu huketi barazani mwa baa kula michopo, nyama ya mbuzi iliyochomwa, pamoja na bia ya Simba. Jambo hilo halihitaji maelezo marefu, kwani kila mji wa Afrika una lake.

Munkoyo, kwa upande wake, unastahili maelezo. Uji wa mahindi hupikwa, ukaachwa upoe hadi uvuguvugu, kisha hutiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo huvunja wanga na kufanya uji kuwa mwepesi na mtamu. Ukilala usiku mmoja huanza kuchachuka. Ukiwa mpya hunywewa na watoto na wazee, na hupelekwa kwa wageni wa posa na kwa wafiwa. Siku hizi chupa za soda zimechukua nafasi yake kwenye harusi nyingi, na wanawake vijana wanaojua kupima joto la uji kwa kidole wanapungua. Hii ni hasara kubwa kuliko wanavyodhani wanaoita munkoyo kinywaji cha kijijini.

Kisha kuna vyakula vya mvua, fahari ya kweli ya jiji hili. Kuanzia mwezi wa Novemba kandokando ya barabara za Likasi na Kasenga hupangwa mafungu ya uyoga wa rangi na maumbo mengi. Mmoja wao humea juu ya vichuguu na kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja. Hukatwa vipande, hupikwa kwa karanga na kuliwa kama nyama. Matunda ya masuku huja msimu huohuo. Baadaye hufika katika soko la mtaa wa Kenya finkubala, viwavi wanaookotwa mitini, wakatolewa uchafu wa tumboni, wakachemshwa na kukaushwa. Wageni hukunja uso kwa kuwaona. Watu wa Lubumbashi huwapa wajawazito na watoto wanaokua, na hawana sababu ya kuona aibu.

Vyakula hivi havilimwi. Hutoka kwenye miti ya miombo inayozunguka jiji, hasa mutondo na muputu: viwavi hula majani yake, na uyoga mwingi huishi kwa kushikamana na mizizi yake. Miti hiyohiyo ndiyo inayochomwa kuwa makala, yaani makaa. Jiji lina wakaaji zaidi ya milioni mbili, na wengi wao wanapika juu ya mbabula, jiko la makaa, kwa sababu umeme hukatika au haujafika, na kila alfajiri baiskeli zilizopakiwa magunia husukumwa kuingia mjini. Gécamines ilipowaachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 mnamo 2003 na 2004, familia nyingi za Bana Shaba, kama wanavyojiita, zilirudi kutafuta riziki mashambani na porini, na shoka likawa kazi kwa waliokosa kazi.

Kinsevere, kama kilomita 30 kaskazini mwa jiji, inaonyesha jambo hili wazi. Hapo pana machimbo ya shaba yaliyo mikononi mwa kampuni ya MMG tangu mwaka 2012, na vijiji vyake vimepata barabara, wafanyabiashara na wageni. Lakini palipochimbwa na palipofyekwa, mama aliyekuwa akiokota uyoga asubuhi na kurudi kupika mchana hulazimika kutembea mbali zaidi, na binti yake hajifunzi tena uyoga upi huliwa na upi huua. Elimu hiyo haina shule. Hupita kwa kutembea nyuma ya mama porini.

Watafiti wa Kongo na Ubelgiji walitoa mwaka 2017 kitabu kizima kuhusu uyoga unaolika wa Haut-Katanga, wakisaidiwa na watu waliokuwa bado wanaufahamu. Kitabu huhifadhi majina, lakini hakioteshi mutondo. Wakuu wa jimbo, wenye machimbo na wachoma makala wanapaswa kukubaliana kuacha maeneo ya kuokotea chakula kuzunguka Kinsevere na vijiji vingine, na kuotesha miti ya kuni mahali pengine. Naye anayetaka kuijua Lubumbashi aje msimu wa mvua, ashuke kwenye barabara ya Kasenga, anunue fungu la uyoga kwa mama aliyeketi pale, na amwombe ampikie pamoja na bukari.