Je, Wajua? Korona ya Mnyuzi, Bendi ya Kiwandani na Msaga Ngano Mwenye Runinga

Je, wajua kwamba watu wa mkonge mkoani Tanga walikuwa wakienda korona kila asubuhi, tena kwa ujira, miongo mingi kabla ya Machi 2020? Korona yao ni mashine ya kuchakata mkonge. Jina limetoka kwenye chuma chenyewe: Corona ilikuwa mashine ya kampuni ya Krupp, iliyoundwa Magdeburg, Ujerumani. Mshindani wake mkubwa alikuwa Robey wa mji wa Lincoln, Uingereza, lakini jina lililobaki midomoni ni la Mjerumani. Ukanda wa Korogwe, kuanzia Mnyuzi na Hale hadi Magunga, watu huita korona jengo zima, yeyote aliyeitengeneza mashine iliyomo ndani.

Kwa asiyewahi kuiona ikifanya kazi: majani hupangwa kwa ubavu, mnyororo unayabana katikati na kuyapeleka kwenye ngoma yenye visu butu. Ngoma inapiga nusu ya kwanza ya jani mpaka nyama yote ya kijani imetoka. Hapo mshiko unabadilika. Mnyororo wa pili unabana upande ambao umeshasafishwa, na ngoma ya pili inamalizia nusu iliyobaki. Maji yanamwagwa muda wote, ndiyo maana korona haijengwi mbali na mto, na huku bonde la Pangani limekuwa na bahati hiyo. Kelele ni za kuongea kwa ishara, na utomvu wake ukikurukia utajikuna hadi jioni. Upande wa pili singa zinatoka zikining'inia, zinachuruzika, tayari kwenda kuanikwa juani, kisha kwenye brashi, kisha kufungwa robota.

Katika kilo 100 za majani, singa hazizidi kilo 5. Zilizobaki zote ni makapi na maji, na kwa miaka mingi vilikuwa vikimwagwa tu. Mwaka 2008 shamba la Hale, jirani kabisa na Mnyuzi, lilianza kuyageuza makapi hayo kuwa gesi na gesi kuwa umeme, mradi uliosimamiwa na Katani Limited pamoja na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda.

Mkonge wote huo ulianza na miche 62. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ya kupitia Hamburg ikaua karibu vyote. Vilivyofika vikiwa hai vikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mavuno ya mwaka yalikuwa hayafiki tani 30,000.

Mwaka huohuo wa 1893 ndipo ujenzi wa reli ya Tanga ulipoanza, lakini treni ilichukua hadi 1902 kufika Korogwe. Ni kama kilomita 80 tu kutoka pwani. Atakayelalamikia kasi ya miradi ya leo ana mahali pa kuanzia.

Je, wajua kwamba Mnyuzi ndiyo inayounganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati? Kipande cha kilomita 188 kutoka Ruvu kilikamilika mwaka 1963 na kukutana na njia ya Tanga hapo. Treni ya abiria ya Dar es Salaam kwenda Moshi iliporudi Desemba 2019, na ya Arusha Oktoba 2020, ilipita hapohapo. Ramani nyingi za reli huandika Mnyusi. Wenyeji hawajahangaika nayo.

Sasa tuingie kwenye unga.

Arusha kuna kata nzima inaitwa Unga Limited. Haikupewa jina la mti, mlima wala shujaa. Ni jina la kampuni ya kusaga nafaka, na mtu akikuambia amezaliwa Unga Limited hasemi utani. Kampuni yenye jina hilo ilianzishwa Kenya mwaka 1908 na Lord Delamere, mlowezi aliyelima ngano maeneo ya Njoro, na Wakenya wanaijua zaidi kwa pakiti ya Jogoo. Mwaka huohuo wa 1908, London, mabwana wawili Gerald Mills na Charles Boon walifungua kampuni ya kuchapa vitabu, Mills & Boon, ile ya riwaya za mapenzi ambazo zimejaa kwenye meza za vitabu vya mitumba Nairobi na Dar. Kwa hiyo unga wa ugali na wanaume warefu wenye macho ya bluu ni wa rika moja.

Unga Kenya ni siasa. Bei ya pakiti ya kilo 2 imewahi kushushwa kwa amri hadi shilingi 90, Mei 2017, na hadi shilingi 100, Julai 2022. Miezi yote miwili ilikuwa mlangoni mwa uchaguzi mkuu.

Tanzania siasa ilikwenda mbali zaidi: ilichukua vinu vyenyewe. Februari 1967, siku chache tu baada ya Azimio la Arusha, kampuni za kusaga nafaka zilitaifishwa sambamba na mabenki, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Miongoni mwa zilizotaifishwa ilikuwa Chande Industries, mali ya familia iliyoanzia biashara Bukene, Tabora. Mwalimu Nyerere akamwita J.K. Chande, aliyepokonywa vinu vya familia yake, akampa kazi ya kuviendesha kwa niaba ya serikali. Akakubali. Aliisimulia habari hiyo mwenyewe katika kumbukumbu zake, A Knight in Africa, zilizotoka mwaka 2005, na sijui kama kuna msagaji mwingine duniani aliyepata barua ya kufukuzwa na ya kuajiriwa kwa pamoja namna ile.

Je, wajua kwamba mpira unaouangalia jioni umelipiwa na unga? Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, akaingia kwenye kusaga ngano, na jina Azam likatoka kwenye mfuko wa unga likaenda kwenye maji, juisi, ice cream na boti za Zanzibar. Desemba 2013 likaingia hewani kama Azam TV. Msimu huohuo wa 2013/14, timu yake ya Azam FC ikachukua ubingwa wa Tanzania Bara bila kufungwa hata mchezo mmoja. Mwaka 2021 kampuni ikanunua haki za kuonyesha ligi kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6. Na kama hiyo haitoshi, mkuu wa kampuni nyingine kubwa ya utangazaji nchini, Clouds Media Group, anaitwa Joseph Kusaga.

Klabu zenye majina ya viwanda ziko nyingi kuliko tunavyokumbuka. Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, ilikuwa bingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Upande wa Kenya, SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa mwaka 2006. Kagera Sugar haijawahi kutwaa, ila kiwanda chake kina historia nzito kuliko vyote: kiliharibiwa na majeshi ya Idi Amin katika vita vya 1978 na 1979.

Lakini kwa maoni yangu hakuna kiwanda kilichoacha jina tamu kama Urafiki. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 1968, kwa mkopo wa China. Kilikuwa na khanga na vitenge vya kuuza, na mwaka 1970 uongozi ukaona tangazo bora si bango, ni gitaa. Kiwanda kikaunda bendi. Urafiki Jazz ikapewa vyombo, wanamuziki wakawa waajiriwa kama mafundi wa mitambo, na kazi yao ikawa kuifikisha khanga ya Urafiki kila mahali panapochezwa dansi. Kiongozi alikuwa Juma Mrisho, aliyejulikana zaidi kama Ngulimba wa Ngulimba, na mtindo wao waliuita Chakachua.

Fikiria hesabu yake. Radio ya taifa ilikuwa moja, na nyimbo za bendi za nyumbani zilikuwa zikirekodiwa na kupigwa humo, kwa hiyo kila mtangazaji alipotaja jina la bendi alikuwa amekitaja kiwanda bila kulipwa senti. Mashirika mengine ya umma nayo yalikuwa na bendi zao enzi hizo, ila wachache walikuwa na bidhaa inayovaliwa na watu walewale waliojaa ukumbini. Mwaka 1997 kiwanda kiligeuzwa kuwa ubia wa Tanzania na China. Bendi haipo. Jina lipo kwenye kituo cha mwendokasi, Barabara ya Morogoro, na ukikaa kwenye basi hilohilo kuelekea Kimara utafika kituo kiitwacho Korogwe, ambacho kwenda Mnyuzi hakikusaidii kitu.

Na Chakachua? Miaka 40 baadaye, mwaka 2010, Watanzania walikuwa wakiitumia kwa mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye dizeli na kwa kura zilizotiliwa shaka. Ngulimba hana lawama.

Muziki wa dansi haukuishia hapo na habari za kinu. African Stars Band ya Dar, chini ya mkurugenzi Asha Baraka, iliuita mtindo wake Twanga Pepeta, na jina la kazi ya mchi na ungo likalimeza jina la bendi kabisa. Waulize vijana wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 African Stars ni nani. Wengi watafikiri kidogo. Sema Twanga tu.

Je, wajua kwamba Zanzibar kinu kilikuwa na ngamia? Mafuta ya ufuta na nazi yalikamuliwa kwenye kinu kikubwa cha mti, ngamia akizunguka siku nzima huku amefungwa macho asishikwe na kizunguzungu. Wageni wa karne ya 19 walimwandika, na wapiga picha waliofuata wakamweka kwenye postikadi.

Haraka haraka nje ya kwetu. Jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ujerumani ni Müller, yaani msagaji. Gerd alifunga mabao 10 katika Kombe la Dunia la 1970, na Thomas akaondoka Afrika Kusini 2010 na kiatu cha dhahabu kwa mabao 5. Rembrandt, mchoraji mkubwa wa Uholanzi, alikuwa mtoto wa msagaji wa Leiden, na picha yake The Mill, ya kati ya 1645 na 1648, haina mtu maarufu hata mmoja: ni kinu cha upepo juu ya kilima, basi. Moulin Rouge ya Paris, iliyofunguliwa 1889, ina kinu chekundu juu ya paa ambacho hakijawahi kusaga punje. Mabawa yake yalianguka barabarani usiku wa Aprili 25, 2024, yakarudishwa Julai kabla ya Olimpiki. Malawi, kijana William Kamkwamba alijenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu baada ya njaa kumtoa shuleni, akaandika kitabu mwaka 2009, na 2019 Chiwetel Ejiofor akakifanya filamu.

Turudi Tanga, maana mbao nazo zina viwanda vyake. Sikh Saw Mills ya Tanga ilipasua magogo ya Usambara Mashariki kwa miaka mingi, hata baada ya kuwa mali ya serikali, na Wafini wakaipa misaada. Baadaye wataalamu wakapiga kelele: misitu ile ina mimea na wadudu wasiopatikana kwingine. Ukataji ukasimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ni kiwanda kilichofanya msitu upate hati, ingawa hakikukusudia.

Ukivuka kwenda Handeni, nchi ya mahindi, kinu ni mashine ya kusaga yenye kibanda cha mabati, na moyo wa nyingi za zamani ulikuwa injini ya Lister. Modeli iliyoenea ilitoka Dursley, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1930: nguvu za farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika, taratibu mno hata unaweza kuhesabu milipuko yake ukiwa shambani. Ilipendwa hivi kwamba mafundi wa Rajkot, India, waliendelea kuunda nakala zake baada ya Waingereza kuacha. Huko mashineni utaulizwa jambo moja kabla ya bei: unakoboa au unasaga dona? Ukikoboa unapata sembe nyeupe, na pumba, zenye sehemu kubwa ya vitamini, zinakwenda kwa kuku na ng'ombe.

Ndiyo sababu shirika la Sanku linafunga kwenye mashine ndogo za Tanzania kifaa kinachopima unga unavyoshuka na kudondosha virutubisho kwa kiasi chake, chuma na asidi ya foliki vikiwemo. Gharama inafidiwa kwenye mifuko ya kufungashia, ambayo shirika hununua kwa jumla na kuwauzia wasagaji. Kifaa kina laini ya simu ndani. Virutubisho vikikaribia kwisha, kinatuma taarifa chenyewe.